Namna ya kukata na kutamka maneno marefu ya Kinorwei

Barua za Norwei, mabango yake na mikataba yake ya kazi imejaa maneno kama helsefagarbeider, trafikkulykke, betalingskort (kadi ya malipo) na barnehageplass (nafasi ya chekechea). Kila moja ni maneno mawili au matatu mafupi yaliyoandikwa pamoja bila nafasi. Mzungumzaji wa Kiswahili anayajua yale mafupi lakini hukwama yakiunganishwa, na sababu zinajulikana. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wa Kinorwei hukaa mbele. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, za Kinorwei hufungwa na konsonanti moja, mbili, hata tatu. Tena sisi hutaja kitu kikuu kwanza na maelezo baadaye, wao hutanguliza maelezo. Mwongozo huu unafuata Bokmål, moja ya aina mbili rasmi za kuandika Kinorwei, na matamshi ya mashariki ya nchi, eneo la Oslo. Kanuni za kuunganisha maneno ni zilezile kwa anayejifunza Nynorsk, aina ile ya pili, ingawa tahajia ya baadhi ya maneno hubadilika, kwa mfano sykehus huandikwa sjukehus.

Alama za matamshi humu ni tatu. HERUFI KUBWA ni silabi yenye mkazo mkuu. Alama ' mbele ya silabi ni mkazo mdogo. Nukta mbili (:) zinaonyesha kuwa sauti iliyozitangulia ni ndefu. Herufi zenyewe zimeachwa kwa tahajia ya Kinorwei.

Kwanza tafuta kipande cha mwisho

Kiswahili husema hospitali ya watoto. Kinorwei husema barnesykehus, yaani watoto, wagonjwa, nyumba. Kwa hiyo usianze kukata neno kutoka kushoto. Anza kulia, rudi nyuma herufi kwa herufi mpaka upate neno kamili unalolijua. Katika helsefagarbeider utakuta arbeider, mfanyakazi. Kinachobaki ni helsefag, na hicho nacho kina fag (taaluma) na helse (afya). Mfanyakazi wa taaluma ya afya: maana imepatikana, na viungo viwili vya kukatia vimejulikana.

Kipande cha mwisho ndicho kinachotawala neno zima. Hus huchukua et, neno dogo linaloonyesha jinsia ya nomino: et hus. Kwa hiyo sykehus ni et sykehus, na barnesykehus vilevile. Kipande hicho ndicho pekee kinachobadilika umbo: sykehuset, sykehusene. Vya mbele hubaki kama vilivyo hata kama maana ni ya wingi.

Kati ya vipande mara nyingi hukaa herufi kiungo, e au s. Jul na tre hufanya juletre, arbeid na plass hufanya arbeidsplass. Herufi hiyo ni mali ya kipande cha kwanza, kwa hiyo mkato unakuja baada yake: jule-tre, arbeids-plass. Maneno yanayoishia na -het, -dom, -skap, -sjon, -tet na -ing kwa kawaida huchukua s: frihetskamp, ungdomsskole, vennskapsby, stasjonsby, universitetssykehus, betalingskort. Angalia ungdomsskole na universitetssykehus. S mbili hizo si kosa la uchapaji. Moja ni kiungo, ya pili ni mwanzo wa skole na sykehus. Wanafunzi wengi huandika ungdomskole au arbeidsøker, na kosa hilo huonekana haraka kwenye barua ya kuomba kazi. Sahihi ni arbeidssøker.

S hiyo pia inakuonyesha mahali neno refu linapogawanyika. Vinglass, bilauri ya mvinyo, haina s. Likiongezwa neno rød, nyekundu, s inajitokeza: rødvinsglass. Inakwambia kwamba rødvin ni kitu kimoja na glass ni kingine, kwa hiyo ni bilauri ya mvinyo mwekundu, wala si bilauri nyekundu ya mvinyo. Haitokei katika kila neno la vipande vitatu (barnehageplass haina), lakini ukiiona iamini.

Kuna mitego. Dagsenter, kituo cha kushinda mchana kwa wazee au wenye ulemavu, ni dag + senter. Anayedhani s ni kiungo hubaki na enter, ambalo halimpi maana. Utrykning, mwendo wa dharura wa gari la polisi au la wagonjwa, ni ut + rykning. Kipimo ni kimoja siku zote: vipande vyote viwili lazima viwe maneno halali, na maana yao pamoja iingie akilini.

Konsonanti tatu zinapokutana

Hapa ndipo kanuni ya kuandika inapoficha mkato. Kinorwei hakiandiki konsonanti tatu zinazofanana mfululizo. Buss + stopp ingetoa s tatu, kwa hiyo moja inaangushwa na kubaki busstopp. Ndivyo ilivyo kwa bussjåfør, dereva wa basi (buss + sjåfør), busselskap (buss + selskap), nattog (natt + tog), musikkorps, bendi ya kupuliza utakayoisikia kila tarehe 17 Mei, sikukuu ya taifa (musikk + korps), na oppussing, ukarabati wa nyumba (opp + pussing).

Kwa mdomo hakuna kinachoanguka. Anayesoma nattog kama nat-tog hurefusha a, kwa kuwa anaona t moja tu upande wa kwanza, na msikilizaji hapati neno natt. Irudishe konsonanti iliyofichwa akilini kabla ya kutamka: natt-tog, buss-sjåfør, opp-pussing. Neno hilo likikatwa mwishoni mwa mstari, konsonanti ya tatu hurudi hata kwenye maandishi: buss-stopp, musikk-korps.

Usichanganye na maneno yenye konsonanti mbili tu kwenye kiungo. Bankkort ni bank + kort, k mbili, zote zinaandikwa. Trafikkulykke ni trafikk + ulykke, na k zote mbili ni za trafikk.

Neno hili la mwisho linafaa kukaliwa kidogo, maana linaonyesha kosa letu la kawaida kuliko yote. Sikio lililolelewa na Kiswahili hutaka kila konsonanti ifungue silabi inayofuata, kwa hiyo hutoka tra-fi-ku-ly-ke. Neno ulykke, ajali, limetoweka. Kinachosikika ni kulykke, ambalo halipo. Hali ni ileile kwa husarbeid, kazi za nyumbani, kusomwa hu-sar-beid, na matolje, mafuta ya kupikia, kusomwa ma-tol-je. Kipande cha kwanza kikiisha kwa konsonanti na cha pili kikianza kwa irabu, funga cha kwanza kabisa, kisha anza cha pili upya: HU:S-'ar-beid, MA:T-'ol-je, tra-FIK:-'u:-lyk:-e. Si lazima usimame. Inatosha irabu ya kipande cha pili ianze na nguvu yake yenyewe, isiburute konsonanti ya nyuma.

Kosa la pili la namna hii ni kuchomeka irabu kati ya konsonanti: arbeidisiplass, fastilege. Kila irabu ya ziada ni silabi ya ziada, na Mnorwei huhesabu silabi bila kujua. Fastlege (daktari wako wa kudumu) ina silabi tatu. Ikitoka na nne anaanza kutafuta neno jingine. Dawa yake ni kushikilia s na t ya fast kwa muda, ulimi ukiwa bado umegusa nyuma ya meno, na kutoka hapo moja kwa moja kwenda kwenye l.

Urefu wa sauti, kipande kwa kipande

Silabi yenye mkazo katika Kinorwei huwa na umbo moja kati ya mawili: irabu ndefu ikifuatwa na konsonanti fupi, au irabu fupi ikifuatwa na konsonanti ndefu au kundi la konsonanti. Tak (paa) ni ta:k, takk (asante) ni tak:. Vin (mvinyo) ni vi:n, vind (upepo) ni vin:, d haitamkwi. Pen (-zuri) ni pe:n, penn (kalamu) ni pen:.

Kiswahili kina kata na kataa, kwa hiyo urefu si kitu kigeni kwetu, ila aa yetu ni silabi mbili na mkazo unaweza kukaa kati yake. Irabu ndefu ya Kinorwei ni silabi moja isiyovunjika. Usitamke mat kama ma-at.

Jambo linalosahaulika darasani ni kwamba kila kipande huingia kwenye neno refu na urefu wake. Takstein (kigae cha paa) ni TA:K-'stein, takkekort (kadi ya shukrani) ni TAK:-e-'kort. Vinglass ni VI:N-'glas:, vindmølle ni VIN:-'møl:-e. Kipande cha pili nacho hakifupishwi kwa sababu mkazo mkuu umeshapita: sykehus ni SY:-ke-'hu:s, na u ya hus ni ndefu kama ilivyokuwa peke yake. Wanafunzi wengi hujitahidi mbele, wakachoka, wakamalizia na -hus fupi kavu. Hapo neno linasikika limekatwa mkia.

E isiyo na mkazo, ikiwemo e ya kiungo, ni dhaifu na haiko wazi kama e ya Kiswahili. Katika jule- au syke- ipitie tu. Ukiitamka wazi kama e ya pesa, inaiba uzito wa silabi iliyo mbele yake.

Katika barn na barnehage, r na n huungana kuwa sauti moja, ncha ya ulimi ikiwa imevutwa nyuma kidogo. Kwa kuwa zinahesabiwa kama konsonanti moja, a ni ndefu: BA:R-ne-'ha:-ge.

Kuweka mkazo

Kanuni kuu: mkazo mkuu hukaa kwenye kipande cha kwanza, mkazo mdogo kwenye kipande cha pili, na neno zima lina kilele kimoja tu.

Kiswahili huhamisha mkazo neno linaporefuka: NYUmba, lakini nyuMBAni. Kinorwei hakihamishi. BARN, BARnehage, BARnehagen, BARnehageplassene: silabi zinaongezeka nyuma, kilele hakiondoki mahali pake. Anayefuata mazoea ya Kiswahili husema barneHAge, na msikilizaji hupata hage (bustani) kwa nguvu na barn kwa udhaifu, kinyume cha anachotarajia.

Lakini kipande cha kwanza si sawa na silabi ya kwanza. Mkazo hukaa pale kipande hicho kilipokuwa nao kikiwa peke yake. Politi ina mkazo mwishoni, kwa hiyo politistasjon ni po-li-TI:-sta-'sjo:n. Musikk hivyohivyo: mu-SIK:-'korps. Universitet husisitizwa kwenye silabi ya tano, na universitetssykehus hubeba mkazo uleule kwenye -tet-. Maneno yanayoanza na be- na for- huruka kiambishi hicho: be-TA:-lings-'kort, for-SIK-rings-'sel-ska:p. Utasikia watu wa mashariki wakisukuma mkazo wa maneno ya kigeni hadi mwanzo, STAsjon, BAnan. Ni lahaja yao, hawajakosea, lakini mwanafunzi akae na umbo la kamusi.

Hatua za vitendo kwa neno jipya ni hizi:

1. Andika neno ukiwa umekata kwenye viungo: helse-fag-arbeider.
2. Tamka kila kipande peke yake, polepole, kwa urefu wake kamili: HEL-se, FA:G, AR-bei-der.
3. Chagua kilele katika kipande cha kwanza. Gonga meza hapo mara moja tu.
4. Tamka neno zima kwa pumzi moja. Mkono ugonge kwenye HEL peke yake, nguvu ishuke baada ya hapo bila kufupisha fa:g wala ar: HEL-se-fa:g-'ar-bei-der.
5. Ongeza kiishio na urudie: helsefagarbeideren. Kama kilele kimehama, rudi hatua ya tatu.
6. Liweke katika sentensi fupi na ujirekodi kwa simu: Jeg er helsefagarbeider.

Ukisikiliza rekodi, uliza maswali mawili tu. Nimesikia kilele kimoja au viwili? Irabu ya kipande cha mwisho ina urefu wake? Mengine yanaweza kungoja.

Vilele viwili hubadilisha maana

Hili si suala la kupendeza lafudhi. Blåbær, BLÅ:-'bæ:r, ni tunda la jina hilo hata likiwa bado bichi. Blå bær ni matunda yoyote ya rangi ya buluu, na hapo kila neno lina mkazo wake, la pili likiwa na nguvu zaidi. Gammelost ni jibini ya kienyeji yenye jina hilo, gammel ost ni jibini iliyokaa sana. Storby ni jiji, stor by ni mji ulio mkubwa.

Kwenye maandishi tofauti hiyohiyo huonyeshwa na nafasi, na kuvunja neno moja kuwa mawili ni kosa ambalo Wanorwei wenyewe hulipigia kelele sana. Røykfritt ni mahali pasipovutwa sigara; røyk fritt ni amri ya kuvuta bila kizuizi. Lammelår ni paja la mwanakondoo. Lamme lår ni mapaja yaliyopooza. Stekt kyllinglever ni maini ya kuku ya kukaanga. Stekt kylling lever inasema kuku aliyekaangwa yu hai. Ukiwa na shaka kama uandike pamoja, litamke: kilele kimoja, neno moja. Kipimo hiki hakikufai mpaka mkazo wako umekaa sawa, ndiyo maana matamshi yatangulie hata kwa anayejali maandishi zaidi.

Kistari hutumika kipande kikiwa kifupisho au tarakimu: NAV-kontor (ofisi ya NAV, idara ya kazi na ustawi), A4-ark (karatasi ya A4). Kinaponing'inia, kama katika søn- og helligdager kwenye milango ya maduka, kinashika nafasi ya kipande kitakachotajwa mbele: søndager og helligdager.

Kwenye kiungo, kwa mdomo

Mashariki, Trøndelag na kaskazini, r ikikutana na t, d, n, l au s huungana nayo hata ikiwa kila moja ni ya kipande chake. Vinterdag hutoka na d moja iliyokunjwa nyuma, sommertid na t ya namna hiyo, na katika vårsol r na s huwa sauti iliyo karibu na sh ya Kiswahili. Bergen na Stavanger, ambako r hutoka kooni, hawaunganishi. Ukiyasikia maneno haya usidhani umekosea mkato: mdomo huunganisha, lakini kwa maandishi bado ni vinter-dag, sommer-tid, vår-sol.

Yasiyofuata kanuni

Hesabu za makumi na mamoja huweka mkazo mkuu nyuma: tjueFEM, trettiTO. Ndivyo inavyosikika kwenye namba za simu na za basi. Siku mbili za juma la Pasaka pia husisitizwa nyuma: langFREdag (Ijumaa Kuu) na skjærTORSdag (Alhamisi Kuu). Zikariri hivyo.

Kuhusu toni

Kinorwei kina toni mbili za neno, zinazotenganisha kwa mfano vannet (yale maji) na vanne (kumwagilia), t ya vannet ikiwa haitamkwi. Maneno mengi ya kuunganishwa, si yote, yana toni ya pili. Mashariki toni hiyo huanza juu, hushuka ndani ya silabi yenye kilele, hukaa chini, kisha hupanda mwishoni mwa neno. Magharibi na kaskazini mwendo ni tofauti, na katika baadhi ya maeneo, mfano vijiji vya kuzunguka Bergen na sehemu za Finnmark, tofauti ya toni imekufa kabisa na watu wanaelewana vizuri. Kwa hiyo usitumie miezi yako ya mwanzo hapa. Kilele na urefu vikikaa sawa, toni hufuata sikio taratibu. Kupanda kwa mwisho kusikudanganye: sauti ya juu kwenye silabi ya mwisho ya barnehage si mkazo.

Kukata neno mwishoni mwa mstari

Neno la kuunganishwa hukatwa kwenye kiungo: arbeids-plass, dag-senter, trafikk-ulykke. Likiwa na viungo viwili, kata kwenye kile kikuu, barnehage-plass, kabla ya kufikiria barne-hageplass. Neno la kawaida lina njia mbili zinazokubalika: konsonanti ya mwisho ishuke (hu-set) au kiishio kishuke kizima (hus-et). Usiache herufi moja peke yake upande wowote, na usitenganishe herufi zinazoandika sauti moja, kama sj, kj na skj.

Kompyuta hukata vizuri ikiwa tu lugha ya maandishi imewekwa kuwa Kinorwei. Ikibaki Kiingereza, hukata ovyo na tena hupigia mstari mwekundu maneno sahihi, na watu wengi huyavunja kwa kuamini mstari huo. Katika Word, Ctrl pamoja na kistari huweka kistari fiche kinachoonekana tu neno likifika ukingoni. Kitumie kwa maneno kama dagsenter. Ukitaka kuhakikisha mkazo na urefu wa neno lolote, kamusi ya NAOB kwenye intaneti hutoa matamshi, ya ordbøkene.no ni nzuri kwa tahajia na viishio.